Mapenzi Mawili, Umri Mmoja

Mtu apandaye kutoka Muheza kwenda Amani, akaiacha nyuma yake minazi na michungwa ya nchi tambarare na kuingia katika ukungu wa milima ya Usambara ya Mashariki, hufika mwishowe Kwamkoro, mahali ambapo vichaka vya chai vimetandaa juu ya vilima mpaka vikagusana na msitu mkubwa, na ambapo mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 2,000. Watu wa Lushoto, walio ng'ambo ya bonde la Lwengera katika Usambara ya Magharibi, wana sifa yao ya mboga na matunda. Lakini katika kaya za upande huu mimea miwili ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba mabati kwa miaka mingi, nayo ni chai na iliki. Chai hutaka uwanja ulio wazi, mikono mingi na siku nzima, kwa kuwa majani mawili na chipukizi lake yakishachumwa hayana subira, hayana budi kufika kiwandani siku ile ile. Iliki ni kinyume chake: ni mmea wa kivulini, hustawi chini ya miti mirefu, hukaa miaka kama mitatu bila ya kumpa mkulima kitu cha maana, na ukiuondolea kivuli chake chote hudhoofika.

Nimeitanguliza mimea hii kwa kuwa jambo ninalokusudia kulieleza, nalo ni namna mtu mwenye mapenzi mawili awezavyo kuchagua lipi liwe kusudi la maisha yake, lina siri iliyo karibu nayo sana. Yako mapenzi ambayo hayakubali kuwa ya pili, ambayo humtaka mtu mchana wake wote na nguvu zake zote, na ambayo yakipewa masalio ya siku hufa; na yako mengine ambayo huishi, tena huishi kwa afya njema, katika kivuli cha kazi nyingine, yakanywa umande wa alfajiri na saa chache za usiku, na baada ya miaka yakazaa matunda yasiyotazamiwa. Asiyepambanua kati ya aina hizi mbili huweza kuufyeka msitu mzima ili apande iliki, au kuipanda chai gizani, na katika hali zote mbili atavuna majuto.

Wala jambo hili si la anasa, la watu walioshiba na kukosa la kufanya. Kila mwaka, kijana wa Kidato cha Nne katika shule za Muheza, Korogwe na Lushoto huletewa fomu ya kuchagua tahasusi, na hata baada ya Serikali kuziongeza tahasusi hizo mwaka 2024 zikafika 65, mlango atakaoupita ni mmoja. Kijana huyo huenda akawa ni mwenye akili ya kemia, aliyetamani tangu utotoni kuwa tabibu kwa sababu alimwona mama yake akibebwa kwenye machela kushuka mlima. Na papo hapo huenda akawa ndiye mwenye sauti ya kwanza katika kwaya, au ndiye anayeijaza daftari yake mashairi ilhali wenzake wamelala. Wazee humwambia, “Chagua moja.” Walimu humwuliza, “Unapenda nini zaidi?” Na yeye, kwa kuwa ni mkweli, hana jawabu, kwani yote mawili anayapenda.

Kwa rai yangu swali hilo la “unapenda nini zaidi” ndilo linalowapoteza vijana wengi, ingawa huulizwa kwa nia njema. Mapenzi hayapimwi kwa pishi wala kwa ratili. Mtu akiulizwa siku aliyofaulu mtihani atasema udaktari, na akiulizwa jioni aliyoshangiliwa ukumbini atasema uimbaji, na mara zote mbili atakuwa amesema haki. Swali lenye faida ni jingine: kila moja kati ya mapenzi haya linanidai nini? Linataka mchana wangu au linatosheka na usiku? Linataka mwili wa ujana, au litanisubiri hata mvi zikiota? Nikiliacha leo, kuna njia ya kulirudia? Na je, kuna watu ambao, bighairi ya mimi kulifanya, watabaki na haja yao bila ya mtimizaji? Maswali haya yana majibu, na majibu yake hayageuki kwa furaha au huzuni ya siku moja.

Mfano wa kwanza uko jirani ya Kwamkoro penyewe. Mwaka 1902 Wajerumani waliasisi pale Amani taasisi kubwa ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia katika bustani ambayo hata leo huhesabiwa miongoni mwa bustani kubwa za mimea katika Afrika. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mahali hapo pakaingia mikononi mwa Waingereza. Katika mwaka 1928 aliwasili hapo Mwingereza mmoja, Reginald Ernest Moreau, ambaye hakuwa mtaalamu wa mimea, wala wa wanyama, wala hakuwa na shahada ya elimu ya viumbe. Alikuwa mtu wa hesabu: kazi yake ya ujanani ilikuwa katika idara ya ukaguzi wa hesabu za jeshi la Uingereza, na alipopatwa na maradhi ya viungo akahamishiwa Cairo, ambako jua la Misri lilimpa nafuu na jangwa la Misri likampa shauku ya ndege. Amani alikuja kushika kazi za ofisi na maktaba. Mishahara, barua, vitabu, makala za wengine za kusahihisha: hayo ndiyo yaliyokula mchana wake.

Lakini msitu ulianzia nyuma ya nyumba. Kwa takribani miaka kumi na minane Moreau aliwatazama ndege wa Usambara katika saa ambazo ofisi haikuzidai, akisaidiwa na wenyeji waliozijua njia za msituni na sauti za viumbe wake tangu utoto, na bila ya elimu yao asingefika mbali. Akahesabu mayai, akaandika saa ambazo wazazi hulisha makinda, akalinganisha ndege wa mlima huu na wa mlima ule, akauliza kwa nini kiumbe aishie Usambara awe na nduguye Uluguru ilhali katikati kuna nyika asiyoweza kuivuka. Ndege mmoja mdogo wa msitu wa Amani, wa jamii ya wale washonao majani wakayafanya kiota, mwenye mdomo mrefu kuliko wenzake, alipewa jina la kitaalamu la Moreau mwaka 1931. Na chozi mmoja wa milimani akapewa jina hilo hilo mwaka 1933. Yeye naye akampa ndege wa Uluguru jina la mkewe, Winifred, aliyekuwa mshirika wake katika kazi hiyo yote. Alipoondoka Amani mwaka 1946, akaenda Oxford, akalihariri jarida la Ibis, lililo miongoni mwa majarida makuu ya elimu ya ndege duniani, mpaka mwaka 1960. Na kitabu chake juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake, kilichotoka mwaka 1966, kimewafundisha wenye shahada ambazo yeye hakuwa nazo.

Msomaji asiyafikirie haya kuwa ni habari za bahati. Kuna jambo hapa ambalo vijana wetu hawaambiwi: penzi la pili likikubali kuishi kivulini, basi mwenye hekima huchagua kazi ya kwanza kwa kuangalia pia itamweka wapi. Mkaguzi wa hesabu aliyebaki London angeweza kuwapenda ndege wa Afrika kwa mapenzi yale yale, na yasingezaa kitu. Mwenye kupenda bahari akiwa mwalimu, aombe kufundisha Pangani. Mwenye kupenda habari za kale akiwa mwuguzi, asiione adhabu kupelekwa Kilwa. Mahali ni nusu ya riziki ya mapenzi ya aina hii. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga zama za Wajerumani, alikuwa na kazi ya kutawala na penzi la mimea. Na kwa kuwa kazi ile ilimweka chini ya milima hii, mwaka 1892 alikiona kijiua cha zambarau ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina lake la ukoo, Saintpaulia, na ambacho leo hupandwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, aghalabu na watu wasiojua kuwa asili yake ni Tanga.

Walakini mfano ulio mkubwa kuliko hiyo yote ni wetu, na hauko mbali: ni wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Huyu ndiye aliyeiinua nathari ya Kiswahili ikasimama bega kwa bega na ushairi wake, na karibu maisha yake yote ya utu uzima alikuwa karani wa Serikali. Aliingia katika idara ya forodha mwaka 1926, akatumika humo hata mwaka 1944. Akahamia idara ya wanyama. Akarejea Tanga katika ofisi ya jimbo. Kisha akawa katika ofisi ya upimaji wa ardhi hata ukingoni mwa mwaka 1960. Zaidi ya miaka thelathini ya ushuru, mafaili, mihuri na amri za uhamisho! Na ndani ya miaka hiyo hiyo akatunga diwani juu ya diwani, insha, hadithi, na utenzi mrefu wa vita vya pili vya dunia wenye beti elfu tatu, ambao aliutunga vita vikiwa vinaendelea na baada yake kidogo.

Wengi husema, “Laiti angaliacha ukarani akaandika tu.” Mimi nimelitafakari neno hilo mara nyingi, na sidhani kuwa ni sahihi. Katika Tanganyika ya wakati ule hakukuwa na mwandishi wa Kiswahili aliyeweza kulisha jamaa kwa kalamu. Na mshahara wa karani, mdogo kama ulivyokuwa, ndio uliomwezesha kusema alichotaka kusema bila ya kumwimbia sifa tajiri yeyote. Fauka ya hayo, ofisi zile zilimpitisha katika miji na watu wa kila namna, na mwenye kusoma habari zake za mahakama, za mawaziri na za wafungwa atauona mkono wa mtu aliyeijua Serikali kwa ndani. Hata hivyo haifai kuificha gharama. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hata miaka miwili haikupata kutimia tangu alipotoka ofisini, na sehemu kubwa ya kazi zake haikuwa imepigwa chapa: Kufikirika na ule utenzi wa vita vilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Penzi la kivulini huzaa, lakini huzaa kwa kuchelewa, na mwenye kuliotesha hana dhamana ya kuwapo siku ya mavuno.

Na lipo jambo katika Utubora Mkulima ambalo kila nilisomapo hunigusa. Mhusika wake anaiacha kazi ya mjini, kazi yenye heshima na mshahara, akaenda shamba kushika jembe, na huko ndiko anakopata utulivu wa nafsi. Aliyeandika hivyo ni mtu ambaye mwenyewe hakuiacha ofisi mpaka ukingoni mwa maisha yake. Sisemi kuwa alijutia. Nasema kwamba mtu aliyechagua vizuri naye hubaki na upande mmoja wa nafsi yake ukiutazama mlango ambao hakuupita, na hali hiyo si dalili ya kukosea. Kijana aliyechagua udaktari, kisha moyo ukamruka asikiapo taarabu, asidhani kuwa amepotea njia.

Sasa nije kwenye mapenzi ya aina ile nyingine, yale yasiyokubali ushirika. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh, akarudi na shahada na kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Ualimu aliupenda kwa mapenzi ya dhati. Lakini mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, tarehe 7 Julai 1954 kikazaliwa chama cha TANU cha kudai uhuru, na mapema mwaka 1955 akasafiri kwenda New York kulihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporejea, hali ikawa haivumiliki tena: ama shule ama siasa. Mwezi Machi mwaka 1955 akajiuzulu ualimu, akabaki hana mshahara, ana mke na watoto wadogo.

Tuangalie kilichoamua. Haikuwa ladha. Kama ingekuwa ni ladha, kwa namna alivyozoea kujieleza kuwa ualimu aliuchagua na siasa zilimfika, angebaki darasani. Kilichoamua ni mambo mawili yaliyo dhahiri. Kwanza, ile kazi ya kudai uhuru ilikuwa haiwezi kufanywa Jumamosi na Jumapili. Ilitaka safari za mwezi mzima, mikutano ya usiku na mchana, na mtu ambaye mwajiri hawezi kumnyamazisha. Pili, walimu wengine wa kufundisha Pugu wangeweza kupatikana, lakini katika mwaka ule, kwa kazi ile, watu wengi walikuwa wamemtazama yeye. Haja ya watu ikikutana na uwezo wa mtu mmoja, hapo mizani huelemea upande bila ya kusukumwa.

Na penzi lililoachwa lilikwenda wapi? Halikufa. Liliingia ndani ya lile lililochaguliwa, likawa kama tabia yake. Taifa zima lilimwita Mwalimu. Hotuba zake zilikuwa na mpangilio wa somo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ni andiko la mtu aliyewahi kushika chaki. Penzi la lugha nalo likapata saa zake katikati ya kazi za urais, akazifasiri tamthilia za Shakespeare, ile ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na uzeeni akaziweka Injili katika tenzi. Sidhani kuwa kila mtu atapata fadhila hiyo kwa ukamilifu huo, lakini nimeona mara nyingi, katika maisha ya watu wasio na jina kubwa, kuwa kile ulichokiacha kwa heshima hurudi kwa mlango mwingine. Muuguzi aliyeuacha ualimu huwafundisha wajawazito kliniki kwa namna ambayo wenzake hawawezi.

Wasambaa, wenyeji wa milima hii, wana kisa kikongwe zaidi juu ya jambo hili, nacho kimehifadhiwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho sehemu zake zilipigwa chapa na misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Humo tunasimuliwa habari za Mbegha, mtu wa Ngulu, aliyefukuzwa kwao, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, akizunguka na mbwa wake na kuwagawia nyama watu wa milimani bila ya uchoyo. Uwindaji ulikuwa ndio uhai wake. Lakini ukarimu ule wa nyama ndio uliowafanya Wasambaa wampende, na alipomuua simba, wakamfanya mtawala wao katika mji wa Vugha, ambako kizazi chake kilitawala hadi karne ya ishirini. Mtawala hawezi kulala porini na mbwa. Mji humtaka aketi, asikilize mashauri, aamue. Kisa hiki, kiwe ni tarikhi tupu au tarikhi iliyochanganyika na ngano, kina habari ya kweli: mara nyingine penzi la kwanza kazi yake ni kumfikisha mtu penye la pili, na likishamfikisha, wajibu wake umekwisha. Mwenye kuling'ang'ania baada ya hapo humzuia mtu asitoe kile ambacho watu walimwendea kukitafuta.

Kuhusu wakati, neno moja zito. Kuna mapenzi yenye umri wake. Filbert Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha Moscow. Shule zinazoitwa kwa jina lake alizianzisha baadaye, miguu ilipokwisha kutoa ilichoweza kutoa. Kama angeanza na shule na kuahirisha mbio, mbio zisingemngoja. Basi mwenye mapenzi mawili, moja la mwili na moja la akili, na asitishike kulitanguliza la mwili kwa miaka michache, maadamu halifungi mlango wa la pili. Mama anayelia kuwa mwanawe anapoteza wakati uwanjani anafaa asikilizwe, lakini aelezwe pia hesabu ya miaka.

Na mlango ufungao daima ndio wa kuogopwa kuliko yote. Msitu wa Kwamkoro wenyewe ni shahidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo yalikatwa humo kwa mashine, kwa sababu nchi ilihitaji mbao na fedha, na haja hiyo ilikuwa ya haki. Lakini msitu huo huo ndio unaoyalea maji yaingiayo Mto Zigi, unaounywesha mji wa Tanga, na ndio makazi ya viumbe wasiopatikana popote pengine. Ukataji ukasimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1997 msitu wa Kwamkoro ukaingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Lakini palipofyekwa, mti mgeni uitwao Maesopsis eminii, ulioletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita, ulikwisha kushika nafasi ya miti ya asili, na vizazi vya watu vitapita kabla ya ile ya kale kurejea. Uamuzi wa namna hii, usiotanguka, unahitaji usiku mwingi wa kufikiri. Ule unaotanguka, mathalan kujaribu ufundi kwa mwaka mmoja kabla ya chuo, hauhitaji hofu yote tunayoupa.

Siwezi kuipita riziki kimya, maana huko ndiko mashauri mengi mazuri yanakovunjikia. Katika vijiji vya Amani walitokea watu waliojifunza kufuga vipepeo na kuwauza nchi za nje wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, kazi iliyowapa fedha na kuwapenzesha msitu kwa pamoja; hata mwaka 2016 Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai, soko lao likafungwa kwa tangazo moja. Mwenye kulifanya penzi lake kuwa chakula chake na ajue nani ameshika ufunguo wa ghala. Hii si hoja ya kumtisha mtu aache. Ni hoja ya kumtaka awe na shamba la pili, hata likiwa dogo.

Ndugu zetu wa pwani mtu akitatizwa na mambo mawili husali rakaa mbili za istikhara, akamwomba Mwenyezi Mungu amwelekeze penye heri na amwepushe na penye shari. Na Wakristo wa milimani huombea kuujua wito wao. Nataja ibada hizi kwa taadhima, na naongeza tu yale ambayo masheikh na mapadri wenyewe husema, kwamba dua haiondoi wajibu wa kushauriana na wajuao. Tena shauri liombwe kwa mtu aliyefika katikati ya kazi ile, asiwe ni yule anayeiona kwa mbali. Mwenye kuupenda utabibu na akae wadi usiku mmoja, aone damu na uchovu na vilio. Mwenye kuupenda ukulima apalilie mpaka mgongo ukatike. Mwenye kuupenda uimbaji arudie ubeti mmoja mara mia bila ya hadhira. Kila kazi ina upande wake usio na ladha, na huo ndio upande mrefu kuliko wote. Penzi ambalo linabaki na uhai katika upande huo ndilo linalofaa kukabidhiwa mchana wa mtu. Lile lililo zuri siku ya shangwe tu na lipewe jioni, wala si aibu.

Wazazi wa Kwamkoro, na wa Lushoto, na wa kila mahali ambapo fomu ile ya tahasusi inafika, nawaomba jambo moja. Mtoto akiwajia na mapenzi mawili, msimlazimishe kulizika moja siku hiyo hiyo ili aonekane ana msimamo. Mwulizeni kila moja linadai nini, mtafutieni mtu wa kumwonyesha upande mgumu wa kila moja, kisha mwacheni achague lipi liwe la mchana. La pili msimnyang'anye. Mnunulieni daftari, mruhusuni aende mazoezini, na walimu wakuu waache maktaba na kumbi za shule wazi saa za jioni, kwa maana watoto wengi wenye vipaji viwili hawana mahali pengine pa kukiweka cha pili.